Safari ya Malindi na Maana ya Sitara

Barabara itokayo Mombasa kwenda Malindi ina urefu wa kilomita zipatazo 120. Ukishavuka daraja la Nyali na kujinasua na msongamano wa Mtwapa, njia inakufungukia. Mkonge wa Vipingo umejipanga safu kwa safu, daraja la Kilifi linakuinua juu ya maji ya hori, kisha msitu wa Arabuko Sokoke unakusindikiza mkono wa kushoto hadi Gede. Wageni wengi huipita njia hii wakielekea kwenye mnara wa Vasco da Gama au mahoteli ya ufuoni. Sisi tulikuwa akina mama kumi na mmoja wa darsa moja la Mombasa, ndani ya matatu tuliyoikodi, na sababu ya safari yetu hakuna aliyeitaja kwa sauti hadi tulipokwisha kuvuka Kilifi. Baadhi yetu walikuwa na vijana wanaotumia unga. Wengine walikuwa nao wasijue.

Huenda msomaji akauliza, kwa nini tukaenda hadi Malindi? Kenya ilipoanza kutoa methadoni, dawa ya kuwatibu waraibu wa heroini, ilianzia Nairobi katika hospitali ya Mathari mwezi wa Desemba 2014. Miezi michache baadaye, mapema mwaka 2015, hospitali ya serikali ya Malindi ikawa ya kwanza pwani. Vituo vya Kisauni, Mombasa, na Kombani, Kwale, vilifuata baadaye. Na kabla ya methadoni, tangu miaka ya 1990, Malindi ilikuwa na Omari Project, taasisi iliyowapokea vijana wa unga wakati ambapo miji mingine ya pwani ilikuwa bado inasema kwamba hilo ni tatizo la watalii. Mji uliolizungumza jambo kwa muda huo wote una la kumfunza jirani yake.

Malindi ni mji wa kupokea. Mwaka 1415 twiga aliyetoka hapa alifikishwa hadi China kwa mfalme. Mwaka 1498 Vasco da Gama alikaribishwa na mtawala wake, akapewa na rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Ukisimama karibu na Msikiti wa Juma, penye makaburi ya kale yenye minara yanayotazama bahari, unaona jinsi mji ulivyoupa uso wake maji tangu zamani. Lakini bahari haichagui inacholeta. Heroini ya Afghanistan hupita pwani ya Makran, hupakiwa majahazini na kuteremka kusini hadi kwetu. Mwezi wa Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata nje ya pwani ya Kenya jahazi moja lililobeba zaidi ya tani moja. Sehemu kubwa ya mzigo kama huo huwa inapita tu, ikielekea kwa wanunuzi wa mbali. Kinachobaki, kikigawanywa kete kwa kete, ndicho kinachoua mitaa yetu. Wenye majahazi hawaonekani maskani hata siku moja.

Mwenyeji wetu alikuwa mshauri nasaha, mwanamke wa makamo mzaliwa wa mji huo. Alitukalisha mkekani katika nyumba ya jamaa yake mtaa wa Shela, tukaletewa kahawa na kaimati, na hotuba tuliyoitarajia hatukuipata. Aliuliza swali moja tu: ni kitu gani kilichopotea nyumbani mwako mwaka huu?

Tulicheka kwanza. Kisha vitu vikaanza kutajwa: mtungi wa gesi, simu, birika la shaba la marehemu bibi, doti mbili za leso ambazo zilikuwa hazijashonwa pindo, pesa za mchango wa arusi. Na kila mmoja alikuwa na mwizi wake aliyekwisha kumhukumu, mara fundi wa mabomba, mara mtoto wa jirani. Mwenzetu mmoja alinyamaza katikati ya maneno yake. Alikuwa amemkumbuka msichana wa kazi aliyemfukuza mwezi wa Shaabani kwa ajili ya pete, msichana aliyeapa na kulia mlangoni asisikilizwe. Magharibi yake, kabla ya kuswali, alimpigia simu mama yake msichana huyo kule Kaloleni.

Baada ya vitu tukaja kwenye mwili. Aliyetumia heroini, mboni zake za macho huwa ndogo kama ncha ya sindano, hata akiwa penye kiza. Husinzia katikati ya mazungumzo, kichwa kikamwangukia kifuani, akainuka na kuendelea kama hakukuwa na jambo. Hujikuna pua na shingo. Choo huwa kigumu kwake, na chooni hukaa mno. Kijana anayevaa mikono mirefu wakati wa kaskazi, katika joto la Machi, huenda anaficha alama za sindano. Vijiko vilivyoungua kwa chini, karatasi za fedha za pakiti za sigara zenye mistari myeusi, vipande vya ndimu vilivyokutwa mahali pasipo chakula, hivi navyo vina maana yake. Hakuna hata kimoja ambacho peke yake ni ushahidi. Vikikusanyika, mama asijidanganye.

Dalili iliyotugusa zaidi ni ile ya unga ukikosekana, ambayo vijana huiita arosto. Huanza saa chache baada ya kipimo cha mwisho: miayo isiyokwisha, mafua, machozi, mwili kusisimka kama wa mtu aliyemwagiwa maji ya barafu. Kisha tumbo hukata, kuharisha kunaanza, miguu haitulii na usingizi haupatikani. Hali huwa mbaya zaidi siku ya pili na ya tatu, na ndani ya juma moja hivi mwili huanza kutulia. Ni mama wangapi wamekwenda duka la dawa wakanunua dawa ya malaria kwa homa hii? Mshauri alitueleza jinsi ya kuitambua: kijana aliyekuwa anatetemeka na kutapika anatoka nje nusu saa, anarudi mzima, ametulia, anaomba chakula. Malaria haiponi kibarazani kwa jirani kwa nusu saa.

Watu wazima wa Malindi wanakumbuka mwisho wa mwaka 2010 na mwanzo wa 2011, unga ulipoadimika ghafla pwani nzima. Kilichokuwa kimefichwa vyumbani kilitoka hadharani. Vijana walikuwa wakijikunja mabarazani, wengine wakikimbizwa hospitali, na familia zilizokuwa zikisema kwamba wao hawana tatizo hilo zikajikuta zikikutana penye milango ileile. Mwezi wa Ramadhani nao hufanya kazi hiyo kila mwaka kwa kiwango kidogo. Mtu anaweza kuvumilia njaa ya mchana kutwa, lakini mwenye arosto hawezi kuvumilia mpaka adhana ya Magharibi, na anayeishi naye ataona kwamba saa za kutoka kwake hazifuati futari wala daku.

Hapa ndipo mazungumzo yetu yalipofika kwenye neno ambalo kila mmoja wetu alikuja nalo kutoka nyumbani: sitara. Mafundisho ya Mtume wetu (S.A.W.) yanatuahidi kwamba anayemsitiri Muislamu mwenzake, naye Mwenyezi Mungu humsitiri duniani na Akhera. Ni ahadi kubwa, na watu wa pwani tumeijengea hata nyumba zetu. Tazama nyumba za zamani za Lamu na za Mji wa Kale wa Mombasa: mgeni anaishia dakani, na ndani ni kwa wenyewe. Lakini ninavyoona mimi, tumelichukua neno hili tukalifanyia kazi isiyokuwa yake. Kumsitiri mtu ni kutoitangaza aibu yake. Kumwacha mgonjwa afe polepole chumba cha nyuma ili majirani wasijue kunasitiri jina la ukoo, na jina la ukoo si Muislamu anayesubiri kusitiriwa. Mwanamke anayeficha donge la titi hatumsifu kwa stara yake; tunamshika mkono tukampeleka kwa daktari. Na mshauri nasaha, kwa adabu ya kazi yake, hatoi nje alichoambiwa. Kumwendea yeye si kuivua nyumba nguo.

Imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba zama za Mtume (S.A.W.) alikuwako mtu aliyekuwa akiletwa mara kwa mara kuadhibiwa kwa ulevi. Mmoja wa waliokuwapo alipomlaani, Mtume alikataza asilaaniwe, akashuhudia kwamba mtu yule anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Alikuwa ameanguka zaidi ya mara moja, na bado hakutolewa katika jamaa. Nimelifikiria tukio hilo kila ninaposikia mtaani neno “teja” likitupiwa mtoto wa mtu. Ni neno fupi, na linamfungia mtu mlango wa kurudi kabla hajajaribu. Mshauri wetu halitumii. Husema “mgonjwa wetu”, na akina mama wa Malindi waliozoeana naye wameanza kusema hivyo.

Kwa hivyo, mtu akishatambua, afanye nini? Wengi wetu tunaijua njia ya kwanza ya pwani: kumfungia ndani. Hufungiwa chumbani juma zima, au hupelekwa kwa mjomba shamba, au hutafutiwa viza ya Ghuba ili awe mbali na marafiki. Arosto inapita, anapata nuru, anashika swala, familia inashukuru na kuchinja. Ambalo hatuambiwi ni kwamba mwili uliokaa bila unga kwa majuma husahau ulivyokuwa ukiuhimili. Akirudi mjini akatumia kipimo chake cha zamani, pumzi inaweza kukatika. Msiba wa kijana “aliyekuwa ameshaacha” umewapata jamaa wengi, na wengi hawakuelewa kilichomuua. Kutoka mwilini kwa unga si kupona. Kazi ndiyo kwanza inaanza, na kazi hiyo haifanywi na kufuli.

Asubuhi ya pili tulipita hospitalini. Sitaeleza nyuso, kwa sababu wale si maonyesho. Nitaeleza utaratibu. Methadoni ni dawa ya maji inayonywewa mbele ya mhudumu mara moja kwa siku, kwa kuwa nguvu yake hudumu takriban saa 24. Haidungwi, haipelekwi nyumbani na mgonjwa mpya, na kipimo huongezwa polepole hadi arosto ikome na hamu ya unga ipungue. Kabla ya kuanza, mtu huandaliwa, mara nyingi kupitia taasisi za kijamii: anahojiwa, anapimwa Ukimwi, kifua kikuu na homa ya ini, na anatakiwa kuelewa kwamba ameingia katika tiba ya muda mrefu. Kuna wanaoendelea nayo miaka. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa za lazima mwaka 2005. Hatari yake inayopaswa kujulikana nyumbani ni kuichanganya na pombe au vidonge vya usingizi, vile vijana wanavyoviita bugizi, kwani pamoja huzima pumzi.

Dawa hii ni ya heroini na jamii yake tu. Haitibu mugoka, bangi, wala kamari ya simuni, ambayo nayo imewashika wengi, wake kwa waume. Kwa hayo, tiba iko zaidi katika ushauri nasaha. Na kipimo cha kujua kama mazoea yamegeuka uraibu hakitofautiani sana. Je, mtu anahitaji zaidi ya alichohitaji mwaka jana ili kupata raha ileile? Je, ameahidi kuacha, kwa nia ya kweli, akashindwa? Je, anaendelea hali anaona ndoa, kazi au afya ikibomoka? Anayejibu ndiyo hana haja ya kungoja aanguke barabarani ndipo atafute msaada.

Ushauri wenyewe tuliudhania kuwa mawaidha. Sivyo. Kijana aliyelelewa katika nyumba ya Kiislamu ameshasikia mawaidha tangu chuoni; anajua hukumu ya ulevi kuliko anavyojua njia ya kutokea. Mshauri humuuliza ni saa ngapi hamu inamjia, akiwa wapi, na nani, baada ya kugombana na nani. Wanapanga pamoja atapita njia gani kutoka kazini ili asipite maskani, nani atamshikia mshahara, atafanya nini usiku wa Ijumaa. Wanazungumza juu ya kuanguka tena kabla hakujatokea, ili kukitokea kijana arudi siku ya pili badala ya kupotea mwaka mzima kwa haya. Wazazi nao huitwa. Mama mmoja pale Shela alituambia kwamba somo gumu kwake lilikuwa pesa. Kwa miaka alikuwa akimpa mwanawe shilingi mia mbili kila asubuhi ili asiibe kwa watu, akidhani anamsitiri. Alifundishwa kutoa nauli, chakula na muda wake, asitoe pesa mkononi, na asitishie jambo asiloweza kulitimiza. Alisema mwezi wa kwanza alilia zaidi kuliko alipofiwa.

Katika matatu yetu alikuwapo bibi mmoja mwenye umri, mwenye kuheshimika kwa elimu, ambaye hakuridhika. Aliuliza kama hii si kubadilisha kilevi kwa kilevi. Swali ni la haki na halistahili kudharauliwa. Mshauri alimjibu kwamba mgonjwa aliyefikia kipimo chake sawasawa halewi. Anavua samaki, anaendesha tuktuk, anasimama safu ya swala akijua anachosoma. Sehemu ya hukumu alimwachia bibi mwenyewe, naye akaturudisha kwenye darsa tulilosoma zamani, jinsi katazo la pombe lilivyoteremka kwa hatua: kwanza kubainishwa kwamba dhara yake ni kubwa kuliko manufaa yake, kisha kukatazwa kuikaribia swala katika hali ya ulevi, na mwisho, katika Suratul Maida, katazo kamili. Watu wa Madina waliomwaga pombe njiani siku ile walikuwa wameshapitishwa katika tadriji. Bibi hakusema zaidi ya hapo, ila alimwomba mshauri nambari yake ya simu. Masuala ya saumu na kunywa dawa mchana, tulishauriana, yaulizwe kwa mwanachuoni akiwa ameshaelezwa na daktari hali halisi ya mgonjwa, wala kijana asiachiwe ajifutie tiba mwenyewe kwa sababu mwezi umeandama.

Linalobaki ni la wanawake, na nimeliweka mwisho kwa kuwa pale mkekani pia lilikuja mwisho, kwa sauti ya chini, kahawa ikiwa imeshapoa. Wanaume ndio wanaoonekana maskani na ndio wengi katika foleni ya dawa. Wanawake wanatumia pia, na huchelewa kufika. Mwanamume akiugua unga husemwa amepotezwa na marafiki. Mwanamke akiugua husemwa lingine, na watoto wake hunyang'anywa kabla hajaulizwa anataka kupona. Wengine wametiwa katika unga na waume zao. Wengine walianza na mugoka wa jioni na mashoga, kisha kidonge cha kupata usingizi, kisha kisichotajika. Aliye mjamzito ndiye anayehitaji msaada wa haraka kuliko wote, na ndiye anayejificha zaidi. Asiache unga kwa ghafla peke yake nyumbani, kwani arosto kali inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Matabibu humwanzishia methadoni, wakamfuatilia hadi anajifungua na baada yake, na mtoto akachunguzwa na kutibiwa akiwa na dalili. Mama mkwe akijua hili moja tu, huenda akaokoa roho mbili.

Aliye Mombasa hana haja ya kufika Malindi. Kisauni ipo, na wa Kwale wana Kombani. Asiyejua aanzie wapi apige 1192, nambari ya NACADA isiyotozwa pesa, na anaweza kuanza kwa kueleza dalili alizoziona tu, bila kutaja jina la mtu yeyote wa nyumba yake.